FUNGUA NA FUNGA: TUWAFUNDISHE WATOTO KUTENDA, SI KUIMBA TU



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), aliyemjaalia mwanadamu ulimi wa kusema na akili ya kufahamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi wetu wapenzi, katika toleo hili la mwaka tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengine wataliona ni dogo, lakini sisi walimu tumeliona kubwa. Jambo lenyewe ni namna tunavyowafundisha watoto wetu wadogo maneno ya Kiingereza ya vitendo vinavyopingana: kufungua na kufunga, kuingia na kutoka, kuvaa na kuvua. Tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani anayetaka kunasihi wenzake hana budi ajinasihi kwanza.

TULIPOKOSEA

Tulipoanza kuwapa watoto wa darasa la chini nusu saa ya Kiingereza siku za Jumamosi, tulifuata njia tuliyoizoea. Tuliandika ubaoni jozi za maneno, mwalimu akashika fimbo ya kuonyeshea, watoto wakaitikia kwa sauti moja. Mwalimu akisema "open", watoto "close". Mwalimu akisema "come", watoto "go". Baada ya muhula mmoja walikuwa wamehifadhi jozi ishirini bila kukosea hata moja. Tukafurahi, na siku ya hafla tukawasimamisha mbele ya wazazi. Watu walipiga takbira.

Miongoni mwa wageni alikuwapo mwalimu wa sekondari. Upepo ulikuwa unavuma, naye akamgeukia mtoto mmoja wa miaka saba aliyekuwa karibu na mlango, akamwambia kwa upole, "Close the door." Mtoto akasimama wima, akajibu kwa sauti kubwa, "Open!" Watu wakacheka, na mtoto akatazama huku na huku asijue alichokosea. Kusema kweli hakukosea lolote, alijibu kama tulivyomfundisha. Sisi ndio tuliokuwa tumemfundisha kwamba "close" ni swali na jibu lake ni "open". Hakuna siku hata moja tuliyomwambia kwamba "close" ni mlango, ni mkono, ni kitendo.

Usiku ule walimu tulikaa tukajiuliza. Tukabaini kwamba tulichukua njia ya kuhifadhisha Qur-an tukaipeleka mahali pasipo pake. Qur-an ni maneno ya Allah, na mwenye kuisoma ana malipo kwa kila herufi, hata kama maana bado hajaifikia. Mtoto anayehifadhi Juzuu Amma leo amepata kheri leo, na maana ataongezewa kesho. Maneno ya Kiingereza hayana fadhila hiyo. Neno la Kiingereza lisiloeleweka halina thawabu wala halina kazi. Kulihifadhi bila kulifahamu ni kubeba debe tupu kutoka kisimani.

JE, KIINGEREZA KINA NAFASI MADRASA?

Kabla hatujaenda mbali, yatupasa tumjibu mzee wetu mmoja aliyesimama katika kikao cha wazazi akasema, "Ustadh, mimi nimemleta mwanangu ajue dini yake. Kizungu atakisoma shuleni." Kauli hii tunaiheshimu, kwani imetoka kwa mtu anayeionea uchungu dini ya mwanawe. Na tunamhakikishia kwamba hatujapunguza hata dakika moja ya Qur-an, Fiqhi wala Tawhidi. Nusu saa ile tuliitoa katika muda wa mapumziko.

Lakini tutazame hali halisi. Katika shule zetu za serikali za msingi, Kiingereza ni somo tu, na masomo mengine hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto akifika Kidato cha Kwanza mambo yanageuka: hesabu, jiografia na baiolojia zote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa mjini aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza huvuka daraja hilo akitembea. Mtoto wetu wa kijijini huku Ngara au Biharamulo hulivuka akitambaa, na wengine hukatia tamaa katikati. Wapo vijana wetu, wahifadhi wazuri, waliorudi nyumbani kabla ya Kidato cha Pili wakisema, "Ustadh, mwalimu anaongea na mimi sijui anasema nini." Kila tukikumbuka maneno hayo tunajiona nasi tuna deni.

Tena sisi tunaishi mpakani. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1994, takriban watu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, na Benaco ikageuka kuwa mji wa mahema. Mashirika ya misaada yalipokuja, aliyejua Kiingereza kidogo alikuwa mkalimani, na asiyejua alitazama kwa mbali. Leo malori yanapita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo na Kabanga usiku na mchana. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba shule zake zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Watoto wa jirani wanakisoma, nasi tusiwaache wetu nyuma.

Ama katika dini, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili aweze kusoma na kuandika barua zao, na imepokewa kwamba haikupita nusu ya mwezi ila alikuwa ameyamudu. Na katika Sura Ar-Rum aya ya 22, tofauti ya lugha zetu imetajwa miongoni mwa ishara za Allah. Hapa tungependa kuwatanabahisha wanafunzi wetu: ile kauli maarufu kwamba anayejua lugha ya watu husalimika na hila zao si hadithi ya Mtume, ingawa wengi huinukuu hivyo. Hatuna haja ya kuitegemea, kwani kisa cha Zayd kinatutosha.

MTOTO HAJI MIKONO MITUPU

Kosa jingine tulilokuwa nalo ni kudhani kwamba mtoto haelewi kitu mpaka tumfundishe. Mtoto anayekuja madrasa kwetu amekuja na mzigo wa lugha. Nyumbani anasema Kihangaza, Kishubi, Kisubi, Kizinza au Kihaya. Shuleni na sokoni anasema Kiswahili. Kwetu anasoma Kiarabu. Na katika lugha hizo zote jambo la kitendo na kinyume chake analo tayari.

Tazameni Kiswahili chetu. Tunasema funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, ficha na fichua, tega na tegua, anika na anua. Ile "-ua" ya mwisho inatendua kilichotendwa, na wanasarufi huiita kauli ya kutendua. Majirani zetu Wanyarwanda nao husema "gukinga" kwa kufunga mlango na "gukingura" kwa kuufungua. Kihangaza ni ndugu wa lugha hiyo, hivyo mtoto wa Ngara amekua na mtindo huo masikioni mwake.

Na katika dini, nani aliyezoea vinyume kuliko mtoto wa Kiislamu? Anajua kuingia msikitini kwa mguu wa kulia na kutoka kwa mguu wa kushoto. Anajua kuvaa viatu kwa kuanza kulia na kuvua kwa kuanza kushoto. Katika Sura Al-Layl amesoma juu ya mwenye kutoa na mwenye kuzuia, na katika Sura An-Najm akikua atasoma juu ya kucheka na kulia, kufa na kuishi. Kinyume kwake si somo geni. Kinachomkosa ni lile neno la Kiingereza tu. Kwa nini basi tumchoshe kwa ubao na fimbo?

KIINGEREZA KINA NJIA ZAKE

Hata hivyo, lugha ngeni haifuati ya kwetu hatua kwa hatua, na hapa ndipo watoto wengi hujikwaa. Walimu wenzangu, tulitazame neno moja tu, "kufunga". Sisi tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga goli na tunafunga Ramadhani. Mwingereza ana neno lake kwa kila kimoja. Mlango ni "close", na kinyume chake "open". Mzigo ni "tie", na kinyume chake "untie". Saumu ni "fast". Ndiyo maana mtoto mmoja aliandika kwenye daftari lake kwamba yeye na baba yake "closed Ramadhan". Hatukumcheka, tulijua Kiswahili kimemtuma.

Vivyo hivyo tunafungua redio na tunafungua bomba. Mtoto akisema "open the radio", aliyezaliwa na Kiingereza ataelewa kwamba anataka kuibomoa redio aone ndani. Neno lake ni "turn on", na kinyume chake "turn off". Na kuazima je? Sisi tunasema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu", neno ni lile lile. Kiingereza kinamtenga mwenye kalamu na mwenye shida: mwenye kalamu ndiye "lend", na mwenye shida ndiye "borrow". Watoto wetu wengi husema "borrow me a pen", na hata wakubwa tunao wanaosema hivyo.

Kiingereza nacho kina kitu kinachofanana na "-ua" yetu, nacho ni "un-" inayokaa mwanzoni: "tie" na "untie", "fold" na "unfold", "lock" na "unlock", "cover" na "uncover". Mtoto akionyeshwa jambo hili hufurahi kama aliyepata ufunguo. Lakini aambiwe pia kwamba ufunguo huo haufungui kila kufuli. Hakuna "unopen", kama vile katika Kiswahili "chukua" si kinyume cha "chuka".

NENO MOJA KWANZA, LA PILI BAADAYE

Sasa tufike kwenye rai yetu yenyewe. Sisi tunaona kwamba maneno mawili yanayopingana yasifundishwe siku moja. Tunajua rai hii itawashangaza wengi, kwani vitabu vingi huyapanga kwa jozi. Lakini mkumbuke watoto wangapi, na hata watu wazima, hubabaika mpaka leo kati ya kulia na kushoto. Si kwamba ni maneno magumu. Ni kwamba yalikuja pamoja, na kila moja limegandamana na mwenzake. Mtaalamu wa msamiati Paul Nation, wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, New Zealand, ameonya kwamba maneno ya jozi za kinyume yakifundishwa kwa pamoja kwa anayeanza, huingiliana na kuchanganyana. Sisi hatukuhitaji kwenda New Zealand, tulimwona yule mtoto wetu mlangoni.

Kwa hiyo tangu wakati huo tunafundisha "open" peke yake wiki nzima au wiki mbili, mpaka mtoto akilisikia mkono wake uende wenyewe. Likishakaa, ndipo tunaleta "close". Na katika jozi tunaanza na lile analolihitaji zaidi kila siku.

Jambo la pili ni mwili. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher, tangu miaka ya 1960, alieleza njia ya kufundisha lugha kwa amri na vitendo: mwalimu anasema na kutenda, mwanafunzi anasikiliza na kutenda, na kusema kwenyewe kunakuja baadaye. Njia hii haihitaji fedha. Haihitaji kitabu cha rangi wala umeme. Inahitaji mlango, mkeka na watoto.

MLANGO WA MADRASA NDIO UBAO

Hivi ndivyo tunavyofanya. Mtoto akifika, mwalimu yuko mlangoni. Salamu ni ile ile ya Kiislamu, hatuibadilishi kwa salamu nyingine yoyote. Baada ya salamu anamwambia, "Take off your shoes," huku akionyesha kwa mkono, na mtoto anavua. Kisha, "Come in," na mtoto anaingia. Wakati wa kuondoka, majuma kadhaa baadaye, yanakuja "Put on your shoes" na "Go out". Kila mtoto amesikia maneno hayo kila Jumamosi na Jumapili, na kila mara amevua viatu kwelikweli, si kwa kuigiza.

Mkeka ukitandikwa, wawili wanaitwa: "Unfold the mat." Ukikunjwa, "Fold the mat." Birika la udhu likijazwa, "Fill the jug." Kitabu kikifunguliwa, "Open your book." Tunazo jozi kumi tu kwa mwaka mzima kwa wadogo, badala ya zile ishirini za kuimba kwa muhula. Haba na haba hujaza kibaba.

Yale yanayohitaji watu wawili tunayaweka kwa watu wawili. Watoto wanafanya soko: mmoja ana ndizi na maharage, mwingine ana vipande vya karatasi kuwa ndiyo pesa. Huyu "sell", yule "buy". Kisha wanabadilishana nafasi. Huyu "lend", yule "borrow", na hapo hapo Ustadh anapata nafasi ya kukumbusha amana: aliyeazima arudishe.

Lakini kuna mpaka tuliojiwekea. Swala si mchezo. Hatutumii rukuu wala sijda kufundishia Kiingereza, japokuwa kuna kuinama na kuinuka ndani yake. Kuna kusimama na kukaa kwingi nje ya swala, huko kunatutosha.

KINYUME SI KATAZO

Kuna jambo moja jingine tumeliona linawachanganya watoto, nalo lina mafunzo hata kwa wakubwa. Mtoto akiulizwa kinyume cha "open", baadhi hujibu "don't open". Tunawaonyesha kwa mlango. Mlango uko wazi. Mwalimu anasema "Don't open," na mtoto hafanyi kitu, mlango unabaki wazi. Mwalimu anasema "Close," na mtoto anakwenda kuufunga. Kuacha ni jambo moja, na kutenda kinyume ni jambo jingine.

Na katika dini ni hivyo hivyo. Anayeacha kusema uongo amefanya vizuri, lakini akinyamaza tu bado hajasema kweli. Anayeacha kuiba bado hajatoa sadaka. Shariah yetu ina makatazo na ina maamrisho, na moja halichukui nafasi ya jingine. Watoto wa miaka saba na minane wamelielewa jambo hili kwa mlango, kabla hawajalisoma katika Fiqhi.

WAZAZI MFANYE NINI?

Wazazi wengi wametuambia, "Sisi Kiingereza hatukijui, tutamsaidiaje mtoto?" Tunawaambia kwamba msaada wenu hauhitaji Kiingereza. Mama akifungua mlango asubuhi amwulize mtoto, "Mwalimu wenu hapa anasemaje?" Mtoto atasema. Akiwa hakumbuki, asipigwe wala asidhihakiwe. Baba akirudi kutoka shambani au kijiweni, amwambie mtoto amwamrishe yeye baba kwa Kiingereza akae au asimame. Mtoto atacheka sana, na kucheka huko ndiko kunakolikalisha neno. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje kwa upole asikatike.

Nasi tunawaomba msitupime tena kwa wingi wa maneno ambayo watoto wanaimba siku ya hafla. Makofi ni matamu, lakini yalitudanganya. Tupimeni kwa jambo dogo: mwambieni mtoto afanye kitendo, mtazame mikono yake na miguu yake.

Na yule mtoto wetu aliyejibu "Open!" mbele ya watu, tulimwomba radhi baada ya hafla, ingawa pengine hakufahamu kwa nini Ustadh anamwomba radhi. Tulirudi naye mwanzo, neno moja moja. Hafla iliyofuata hakupangwa kuimba chochote. Mvua ilipoanza kunyesha na maji yakawa yanaingia ndani, mwalimu alisema kwa sauti ya kawaida, bila kumtaja mtu, "Close the door." Aliyenyanyuka alikuwa ni yeye. Alikwenda, akaufunga, akarudi kukaa mahali pake. Hakuna aliyepiga makofi, kwani wengi hawakuona. Sisi tuliona, tukasema Alhamdulillah.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, ya dini yao na ya dunia yao, atufungulie milango ya kheri na atufungie milango ya shari, na atusamehe sisi walimu pale tunapofundisha midomo tukasahau nyoyo na mikono. Amin.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.